Vanishi ya Jumatano

Jumatano ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nakaa ghorofa ya saba pale Ladywood, huku huku ughaibuni, na juu ya meza yangu ya kulia kulikuwa na basi ambalo halikuwa langu.

Ni basi dogo, usishtuke. Urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mzee Balwant alilijenga kwa miaka miwili katika hii hii klabu yetu ya modeli, ya kuunda vyombo vidogo vya kuigiza vile vya kweli, enzi hizo tunakutana kwenye ukumbi unaovuja, si hapa penye taa na viti vya kuzunguka mlipopazoea nyinyi. Tulikuwa kama watu kumi na wawili. Kuna wa ndege, kuna wa meli, na mmoja alikuwa wa vifaru tu, hataki kusikia kingine. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na wa kuzungumza naye Kiswahili alikuwa Mzee Balwant peke yake, Singasinga wa Kisumu, ambaye kila nikiingia husema, "Msichana wa Unguja, kuja hapa, leta kazi nione."

Baba yake alikuwa fundi wa mabodi ya mabasi huko Kisumu. Kila basi alilolimaliza aliliandika jina lake mwenyewe chini ya madirisha, upande wa mlango, kwa maandishi ya Kipunjabi. Mzee Balwant alilijenga upya basi la kwanza la baba yake, na lile jina akaliandika kwa mkono, kwa brashi nyembamba kama unywele. Ilimchukua wiki nzima. Baada ya hapo presha ya macho ikamzidi, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kwa hiyo jina lile asingeweza kuliandika tena. Nilijua hivyo. Sina pa kujitetea.

Alinipa basi nimpachikie vioo vya madirisha, kwa sababu nilikuwa nachora maarusi hina na mkono wangu hautetemeki. Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho ya klabu, na dada yake mkubwa, Bi Satinder, angeletwa kutoka Sutton Coldfield kuliona. Moyo wake ulikuwa umechoka, watoto wake hawakuwa na hakika kama ataiona Jumamosi nyingine ya kutoka nje. "Vanishi tutapiga Ijumaa, mimi na wewe, ukumbini penye joto," Mzee aliniambia. "Wewe weka vioo tu."

Vioo nilimaliza Jumatano saa nane mchana. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilitaka kusifiwa. Pale klabuni tulikuwa na desturi ambayo bado tunayo. Kabla ya mtu kuonyesha kizuri, kwanza kila aliyeharibu kitu wiki hiyo anakiweka katikati ya meza na kusema alichofanya, wenzake wamsaidie. Mwaka mzima mimi sikuwa nimeweka kitu. Si kwamba sikuharibu, niliharibu kama wengine. Nilikuwa natupa vya kwangu kwenye pipa la takataka kule chini ya ghorofa, halafu naenda na uso mkavu.

Basi nikachukua kopo la vanishi, ili Ijumaa Mzee alikute limekwisha kung'aa, nikatoka nalo kibarazani. Mvua ya Novemba, ile nyepesi isiyokwisha, ilikuwa inanyesha. Nikapulizia upande mmoja, nikageuza, nikapulizia wa pili. Liling'aa vizuri hata nikatabasamu. Nikaliingiza ndani, na mbele ya macho yangu likaanza kupauka. Dakika tano baadaye basi zima lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, jina halionekani vizuri, rangi nyekundu imekuwa kama ya maziwa. Vanishi ilikuwa imenasa unyevu wa hewa. Mtoto wa mwezi wa kwanza klabuni anajua kwamba hatupulizii kwenye baridi na mvua.

Hapo ningenyanyua simu nimwambie Mzee. Badala yake nilichukua pamba, nikaichovya kwenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikaanza kusugua upande wa mlango. Taratibu, kwa mkono wangu usiotetemeka. Ukungu ulitoka. Na pamba ilipokuja juu ilikuwa na rangi ya dhahabu, ile ya herufi. Nikasugua kidogo tena kuona kama nitaweza kusawazisha. Wallahi sijui nilikuwa nawaza nini. Simu ilipolia ndipo nilipoacha, na upande ule ulikuwa umebaki doa la njano tu.

Alikuwa yeye. "Basi yangu iko salama?"

"Salama, Mzee."

"Vioo?"

"Vimekaa vizuri."

Alhamisi akapiga tena, akauliza yale yale, nikajibu yale yale. Sikula. Nilikuwa nalifunika kwa taulo, kisha nalifunua, kana kwamba jina litakuwa limerudi. Nikafikiria kusema limeangushwa na mtu nikiwa ndani ya basi la abiria, lile namba nane. Nikafikiria kuliiga mwenyewe usiku, nami hata herufi moja ya Kipunjabi siijui. Ijumaa nilitembea nalo kwenye boksi hadi ukumbini, nikaliweka mbele yake.

Hakuona vizuri, lakini vidole vyake viliona. Alipitisha kidole upande wa mlango, akakirudisha pale pale mara tatu.

"Ulipulizia kwenye mvua," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Halafu ukasugua."

"Ndiyo."

"Huu upande mwingine umesugua?"

Nikamwambia hapana. Akaniagiza niwashe hita, niweke basi mbele yake, nichukue thina kidogo na kuipulizia kutoka mbali, mara moja tu, bila kugusa. Nikafanya. Ule ukungu wa upande wa pili ukayeyuka wenyewe huku tunautazama, rangi nyekundu ikarudi yote. Haikufika robo saa. Nililia kwa sauti, na yeye hakunibembeleza.

"Mvua ilifanya ukungu," akasema. "Hiyo ni kitu ya kawaida, hata mimi nimefanya. Jina la baba yangu limeondolewa na aibu yako." Nikamwomba aniachie niliandike, anisomee herufi moja moja. Akakataa. "Ukiandika wewe, itakuwa uwongo ya pili. Kesho dada yangu akiuliza, utamwambia wewe."

Jumamosi Bi Satinder aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mwembamba, shali begani. Alitaka kuonyeshwa moja kwa moja upande wa mlango. Nikapiga magoti nikamwambia kila kitu, na Mzee Balwant kasimama nyuma yangu. Bi Satinder alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye lile doa.

"Mimi ndiye nilikuwa namshikia baba kopo la rangi," akasema kwa Kiswahili cha polepole. "Wavulana walipelekwa shule, mimi sikupelekwa. Hilo ndilo neno pekee nililojua kusoma."

Hakunilaani. Aliomba apelekwe kwenye meza nyingine akaone ndege za modeli. Alifariki kabla majira ya baridi hayajaisha, na basi lile Mzee hakulirekebisha mpaka naye akatutoka.

Kwa hiyo nikikwambia jambo usidhani nakuchosha. Utaharibu vitu katika maisha haya, mwanangu, vya watu na vya kwako, vidogo kwa vikubwa. Siku hiyo ikifika, ondoa mkono kwanza. Usisugue. Halafu mwendee mwenyewe, umwambie siku ile ile, hata kama sauti inakauka, kwa sababu mara nyingi dawa anayo yeye na wewe huijui. Aibu ya kusema inauma mchana mmoja. Ya kuficha mimi ninayo mpaka leo.

Mungu akupe ujasiri wa kukiri mapema, akuepushe na kuona haya mbele ya wanaokupenda, na kila ulichoaminiwa akijalie kimrudie mwenyewe kikiwa kizima. Amin.