Ampli ya Tata na Komunike za Saa Sita

Juzi nilikuwa Kamina, nilikokulia, kwa siku nne, na siku ya pili nilimkuta kijana mmoja karibu na soko amelala chali ndani ya teksi, miguu nje, akifunga ampli ya kukuza sauti kwenye redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Mwenye teksi alikuwa amekaa juu ya ndoo akilalamika kwamba spika zinanguruma hata redio ikiwa kimya. Nilisimama. Sikuwa na haraka, na tangu utoto sioni aibu kujiingiza katika kazi za watu. Nikamwambia kijana, "Kwarua rangi kwanza. Masi yako haishike chuma." Masi ni ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi. Alinitazama kama mtu aliyemwona mbuzi akisoma gazeti, lakini alikwarua, na ngurumo ikakoma. "Mama," akauliza, "nani alikufundisha hii kazi?" Nikamjibu kuwa ni tata, baba yangu, nikaenda zangu.

Tata alikuwa fundi umeme wa reli. Gari letu lilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba tangu kabla sijaanza shule. Magurudumu yalikuwa yameshauzwa, na injini ilikuwa na kila kitu isipokuwa nia. Lakini redio yake ilikuwa nzima, na ile antena ndefu iliikamata redio ya mjini vizuri kuliko redio yoyote ya avenyu yetu. Betri ilifungwa kwenye baiskeli kila baada ya siku chache, ikapelekwa kuchajiwa kwa jirani mwenye jenereta. Mama alisema kuwa betri ile inatembea kuliko gari lenyewe.

Saa sita mchana zilisomwa komunike. Simu zilikuwa bado hazijatufikia. Mtu akifariki Bukama au Mulongo, jamaa zake walituma karatasi mjini, na mtangazaji akasoma kwa sauti ile ile moja: familia fulani inawajulisha fulani na fulani, popote walipo. Kambo, yaani mama yake tata, ndiye aliyekuwa msikilizaji wa avenyu. Hakuna aliyemchagua. Alikaa kwenye kigoda chake barazani akimenya mihogo, milango ya gari ikiwa wazi, na jina la mtu wetu likitajwa aliweka kisu chini, akajifunga kitambaa cheusi kichwani, akatoka taratibu.

Nilifuatana naye mara nyingi, kwa hiyo najua alivyofanya. Alipiga hodi, akaomba maji ya kunywa, akaomba kiti. Hakusema lolote la maana mpaka mwenyeji naye awe amekaa. Walizungumza juu ya mvua, juu ya maharagwe, juu ya treni iliyochelewa. Kisha ndipo alisema. "Kifo habaambiake muntu mwenye kusimama," alinifundisha njiani. "Mwenye kusimama ataanguka. Mwenye kuikala, chini iko karibu." Na wale waliokuwa na redio zao ndogo, wakasikia komunike ile ile, walifunga midomo mpaka wamwone kambo amepita na kitambaa chake. Hiyo ilikuwa heshima ya avenyu nzima, na kambo alikuwa ameibeba.

Basi masikio yake yakaanza kuchoka. Spika za gari zilikuwa mbili tu, ndogo, za milangoni, na moja ilikuwa imechanika. Tulimwomba aingie akae ndani ya gari, karibu na redio, alikataa. Alisema hawezi kukaa ndani ya kitu chenye milango minne kisichokwenda popote. Siku moja ilisomwa komunike ya mwalimu, jirani yetu wa kushoto: shangazi yake aliyemlea huko Mulongo alikuwa amefariki. Sisi watoto tulikuwa shuleni, na mwalimu pia. Kambo alikuwa barazani na hakusikia. Waliosikia walingoja kambo apite, wakangoja mpaka kesho yake. Mwalimu alipopata habari, shangazi alikuwa ameshazikwa. Hakumlaumu kambo hata kidogo. Alikuja kumsalimia kama kawaida, akamletea ndizi, na nadhani hizo ndizi ndizo zilizomuumiza zaidi. Wiki ile kambo alikula bukari, ugali wetu, bila kumaliza, akamwambia tata, "Kama sisikie tena, minyi niko wa kazi gani?"

Tata hakuwa mtu wa kufariji kwa maneno. Alifungua redio.

Rafiki, redio ya kiwandani haina mahali pa kuchomeka ampli. Ina nyaya za spika tu, na ukizipeleka nyaya hizo moja kwa moja kwenye ampli, sauti inakuja imevunjika, kama mtu anayepiga kelele ndani ya pipa. Ampli yenyewe aliitoa katika redio ya mezani iliyoungua. Ili kuipunguza nguvu sauti ya redio kabla haijaingia, alitumia rezistansi za televisheni iliyokufa. Waya wa betri ulikuwa ule wa pasi ya mama, pasi iliyoacha kupata moto. Akauwekea fyuzi karibu kabisa na betri, akaupitisha upande wa kushoto, na nyaya za sauti akazipitisha kulia. "Habalalake chumba kimoja," alinieleza, "umeme mukubwa utasumbua mudogo." Mimi nilishika tochi na nilikwarua rangi chini ya kiti kwa kijiko mpaka chuma kikang'aa. Alipenda kusema kuwa ampli bila masi ni muntu bila ukoo, haachi kulalamika. Kwa spika kubwa alichukua sufuria la mama lililotoboka, lile la kupikia sombe, majani ya mihogo, wakati wa sikukuu, akaifungia spika mdomoni mwake na kuliweka juu ya paa la gari. Mama alitazama sufuria lake huko juu akasema tumekuwa watu wa ajabu.

Sauti ilifika barazani. Ilifika pia bombani, kanisani, na nadhani treni za kwenda Bukama ziliisikia. Kambo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Kazi yangu ikawa kitufe cha sauti: kila saa sita nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikamtazama kambo, na yeye akinyanyua kidole nilipandisha.

Ilikuwa likizo, siku ya jua, harufu ya samaki wakavu ikitoka jikoni. Mama wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, muuza mikate ya kukaanga, alikuwa anarudi kutoka bombani na beseni kichwani. Mtangazaji akasema Bukama. Kambo akanyanyua kidole. "Ongeza, ongezako!" Nikapandisha mpaka mwisho. Kisha likasomwa jina la yule mama, na baada yake jina la mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi kwenye boti huko Bukama, na neno alilotumia mtangazaji kila mara baada ya jina la marehemu.

Nililijua jina kabla halijamalizika. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Sikushusha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni dogo tu: nilikuwa nimeambiwa niongeze.

Beseni lilianguka, na yule mama akaanguka nalo katikati ya barabara, katika matope ya maji yake mwenyewe. Watu walikimbia. Nilipogeuka, kambo alikuwa kwenye mlango wa uzio, kitambaa cheusi kimeshafungwa kichwani, ameshika nguzo. Alikuwa amejiandaa kwenda, na hakukuwa tena na habari ya kupeleka.

Jioni alimwambia tata, "Mwana wangu, ulifanya muzuri. Toa." Tata alizitoa nyaya moja moja bila kubisha, akazikunja, akaziweka ndani ya lile sufuria. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijapata mtu wa kumkabidhi.

Tangu hapo nilikuwa masikio ya kambo. Nilikaa garini, milango imefungwa, sauti ikiwa chini, kisha nikatoka na kumnong'oneza jina. Yeye akajifunga kitambaa. Katika njia ya kwenda bombani nilipishana na watu ambao nilijua msiba wao kabla yao wenyewe, nikawasalimia vizuri na kujibu habari za shule. Mtoto huzoea mambo.

Halafu siku moja lilisomwa jina la kambo mwenyewe. Mdogo wake wa mwisho, mvuvi wa Mulongo, yule aliyetuletea samaki kabambale wakavu kila mwaka, alikuwa amefariki. Nilizima redio. Nikatoka garini na kufunga mlango polepole. Kambo alikuwa amesimama uani akianika mihogo, akanitazama akisubiri jina, mkono wake ukitafuta kitambaa. Nilimpita. Niliingia ndani, nikaleta kikombe cha maji, kisha nikachukua kigoda barazani na kukiweka nyuma yake. Nikasema, "Kambo, ikala kwanza."

Alikitazama kigoda. Kisha akakaa, akapokea maji, akayanywa yote. "Mvua haiyanyesha," akasema. Nikajibu, "Ndiyo, kambo, haiyanyesha." Ndipo nikamwambia.

Sasa gari halipo, liliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma. Sufuria nililikuta juzi, kuku anatagia ndani yake. Komunike bado husomwa, lakini hakuna anayemenya mihogo akizisikiliza. Kila mtu ana kifo chake mfukoni, na kinalia wakati wowote.

Tata alipofariki mwaka jana nilisoma kwenye simu, katika kundi la familia, nikiwa kwenye foleni ya mkate huko Lubumbashi. Kulikuwa na picha yake, mshumaa, na chini yake watu wengi wameshaandika pole. Nilikuwa nimesimama. Foleni ilisogea, nami nikasogea. Nilinunua mkate.

Kisha nikampigia mdogo wangu, ambaye simu yake ni ya vitufe na alikuwa bado hajui. Aliitika kwa furaha. Nikamuuliza habari za watoto, za mvua, za maharagwe. Alijibu yote.

"Lete kiti," nikamwambia.

Nikasikia kikivutwa sakafuni.