Gari Lililokwenda Ukweni Bila Ng'ombe

Ninaikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tulipotoka Katito asubuhi kwenda Kendu Bay ndani ya gari ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupanda mfano wake. Nimeona picha ulizonitumia za lile gari jeusi unalotaka kununua Mamboleo. Kabla hujaongea na mwenye yadi ya magari, nisikilize kwanza.

Kwenye usukani alikuwa kaka yangu Ouma, baba yako mkubwa. Gari lilikuwa la Kijerumani, limetumiwa na tajiri mmoja wa Kisumu mpaka akachoka nalo. Viti vilikuwa vya ngozi, na mlango ukifungwa ulitoa sauti nzito, laini, ambayo sijaisikia kwa gari jingine. Mimi na mjomba wetu tulikaa nyuma. Kiti cha mbele Ouma alikuwa amekifunika kwa nailoni na hakutaka mtu akikalie. Kilikuwa cha Awino.

Awino alifundisha watoto wa chekechea pale Katito. Jioni alipenda kupitia kwetu, akacheka na mama jikoni mpaka mboga ikaungua. Sote tulikwisha kumwona kuwa wa kwetu. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka mahari kwao, na unajua kwetu mahari ni ng'ombe wanaoingia uani kwa miguu yao. Ouma alikuwa nao, aliwafuga mwenyewe. Lakini aliwauza wote akanunua gari, kwa mawazo kwamba wakwe wakiliona watajua binti yao anakwenda pazuri.

"Ng'ombe watafuata," alimwambia mama. "Gari kama hili halishuki bei, Mama. Hii ni mali."

Baba yake Awino alitupokea vizuri. Alilizunguka gari, akapapasa boneti, akaomba aonyeshwe injini. Halafu akatazama barabara tuliyotoka.

"Ng'ombe wako nyuma?"

"Watakuja, Mzee."

"Wanatembea polepole hivyo? Ama umewafungia kwa buti ya gari?"

Wanawake jikoni waliangua kicheko. Mjomba akakohoa, akaomba maji.

Tukakaa kivulini kando ya nyumba, tukaletewa soda. Na hapo, mwanangu, gari likaanza kushuka. Magari ya aina ile hayasimami juu ya springi za chuma, husimama juu ya mifuko ya hewa, na mfuko uliochakaa huvuja taratibu bila kelele. Upande wa nyuma ulishuka, ukazidi kushuka, mpaka magurudumu yakazama ndani ya bodi.

"Bwana Ouma," mzee alisema, "gari lako limeketi. Hata lenyewe limechoka kungoja ng'ombe?"

Ouma mwenyewe alicheka. Lakini mzee aliacha kucheka mapema kuliko sisi.

"Sikiliza, wuoda," alisema, akimwita mwanawe, jambo lililonipa matumaini. "Gari ni zuri, na mimi sikufukuzi. Lakini wale ng'ombe wangekuwa wanazaa hapa wewe ukiwa umelala. Hili litazaa nini? Niletee hata mtamba mmoja, nami nitawaambia wazee wa hapa kwamba umeanza."

Ouma alipowasha injini gari likainuka tena, na Awino akatusindikiza. Alipitisha mkono juu ya mlango, akakiona kile kiti.

"Nitakikalia siku mtamba atakapofika," alimwambia Ouma. "Nailoni usiitoe."

Ouma alikwenda kuliuza wiki ileile. Madalali wa Mamboleo walilizunguka kama alivyofanya mzee, ila bila heshima yake. "Omera, ndugu yangu, hili nitamuuzia nani?" mmoja alimwuliza. "Vipuri mpaka uagize, na fundi wa kulijua umtafute na tochi." Bei waliyotaja ilikuwa ya kumfukuza. Akabaki nalo. Kila alipokaribia kununua mtamba, kitu kiliharibika: mifuko ya hewa, kisha giaboksi, kisha kompyuta ndogo iliyojificha chini ya kiti. Awino alisubiri. Mvua za masika zikapita, zikaja nyingine. Mwishowe watu wa ukoo mwingine walifika kwao kumposa wakiwa na ng'ombe, na mzee hakuwa na neno tena la kuwaambia wazee wenzake. Awino alikuja kumuaga mama. Hakumlaumu mtu. Walilia wote wawili jikoni, na siku hiyo pia mboga iliungua.

Gari bado lipo, unalijua. Ouma alijifunza kulitengeneza mwenyewe, akaliwekea springi za kawaida, na sasa linakwenda vizuri kabisa. Kila Jumamosi hulisafisha, huliendesha mpaka kwenye njia panda ya Kendu Bay, huzima injini kidogo, kisha hugeuza. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini yeye hakuruhusu ukae mbele. Sasa umejua ile nailoni iliyogeuka rangi ni ya nini.

Kwa hiyo sikukatazi. Gari kubwa lililotumika linaweza kuwa kitu chema, kwa sababu hasara kubwa ya mwanzo imeshaliwa na mwenye kulinunua jipya. Lakini mtafute fundi kabla ya kumtafuta mwuzaji. Uliza vipuri kabla ya kuuliza rangi. Liache limesimama kutwa nzima, uone kama litakuwa limesimama vilevile jioni. Linunue kwa matumizi ya miaka utakayokaa nalo, usilinunue ukitegemea kuliuza. Na kile unachotoa ili ulipate, kitazame mara mbili, uone ni nani anayekingojea. Mimi mpaka leo mlango ule ukifungwa uani huinua kichwa, nikadhani ni Awino anashuka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde barabarani, na kiti chako cha mbele kisikose mwenyewe.