Magreti na Meli Inayojizamisha

Kwa miaka ishirini na sita Magreti alikereza vyuma kwenye karakana ya korona, kiwanda cha kuchakata mkonge nje kidogo ya mji wa Kilosa. Mzaliwa wa Mamboya, mtoto wa shule ya misheni, bahari alikuwa ameiona mara moja tu. Mashine za korona zilikuwa kuukuu na vipuri vyake havipatikani tena, kwa hiyo kilichovunjika alikitengeneza yeye.

Mwezi Juni akaja Nickson, mhandisi wa meli kutoka Dar es Salaam, ambaye zamani alijifunzia kazi karakanani hapo. Baada ya shikamoo alifungua gunia akatoa bushi ya shaba, pete ambayo pini huzungukia ndani yake, pana kama mdomo wa sufuria. Ilitoka kwenye bawaba ya mlango wa nyuma wa meli ya kivita ya kigeni, ile aina inayoshusha askari na magari ufukweni. Kiwanda kilichoiunda kilishafungwa.

Magreti aliipapasa. Ilikuwa imelika upande mmoja tu.

"Nikikereza inayofanana na hii, nayo italika hivihivi," alisema. "Nipeleke nikaone inakokaa."

Kesho yake walipanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, ambako meli ilikuwa ikitengenezwa bandarini. Mlango wenyewe ulikuwa mrefu kuliko kanisa la kwao. Alipopima akagundua kwamba mfereji wa grisi haukufika upande unaobeba uzito. Akarudi Kilosa, akakereza siku tatu, na mfereji akauzungusha hadi pale palipolika kwenye ile ya zamani.

Siku ya majaribio, bushi mpya ikiwa imeshafungwa, meli ilisogezwa kwenye maji marefu. Magreti na Nickson walisimama kwenye kijia cha chuma, juu ya ukumbi mtupu wa nyuma. Mlango ukafunguka, sakafu ikainama, bahari ikaingia.

"Nickson, tunazama."

"Hapana, mama. Inajizamisha yenyewe."

Alimweleza kwamba matangi ya ubavuni hujazwa maji ili nyuma ishuke na mashua zielee mpaka ndani.

Kwao, mto Mkondoa ukifurika, watu hukimbia na watoto mgongoni. Hawa waliounda meli walikuwa wamekaa, wakapiga hesabu, wakaikaribisha bahari ndani na kuipangia mwisho wake. Maji yalipanda hadi kwenye mstari uliochorwa ukutani, yakatulia. Mashua iliyobeba lori zima ikaingia polepole. Magreti alishika chuma kwa mikono miwili, akajikuta ananong'ona zaburi.

Kisha maji yakatolewa, mlango ukapanda na kujifunga bila kukwaruza.

Fundi mkuu wa meli aliuliza, Nickson akitafsiri, huyu mama amesomea wapi meli. Magreti akajibu kwamba hajasomea meli, amesomeshwa na mashine za mkonge. Yule fundi akatandaza mchoro wa bawaba mezani, akampa penseli auchore mfereji wake, kisha kando yake akaandika jina la Magreti.

Nickson alimwambia kuwa zipo meli nyingine mbili za muundo huo, nazo zitafuata mchoro uleule. Magreti akauliza ziko wapi.

"Sijui, mama. Huenda moja iko upande wa pili wa dunia."