Kitambaa Kimeisha

Mtaani walimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapopanda kitandani, na mkewe aliapa kwamba hata siku ya harusi yao ilikuwepo, imefichwa chini ya kola. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Alikuwa na jicho kali na mdomo mkali zaidi, na kati ya viwili hivyo ni jicho tu lililowahi kumletea wateja.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele, mlango ukiangalia barabara. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia katikati, na vitambaa vya wateja kabatini. Ukutani palikuwa na rafu moja tu, na rafu hiyo ilikuwa ya jora la Krismasi. Hapakuwekwa kitu kingine mwaka mzima.

Maana kila Krismasi familia nzima ilivaa kitambaa kimoja. Jambo lenyewe lilianza kwa shida tu: mwaka wa kwanza wa ndoa, kitambaa cha gauni la mkewe kilibaki, na yeye hakuwa na shati la kuendea kanisani. Wakaenda wamefanana, watu wakacheka, wao wakafurahi. Tangu hapo kila mtoto aliyezaliwa alikatiwa chake kwenye jora hilohilo. Na aliyeoa au kuolewa mle ndani alikaribishwa kwa namna moja: Mzee Futi alimwita katikati ya chumba, akamzungushia futi kifuani, akaandika, kisha akasema, "Haya, umeingia daftarini." Hapakuwa na hotuba. Ukishaingia daftarini, wewe ni wa nyumba hii.

Sasa, miaka sita nyuma, kitindamimba wake alimleta kijana. Binti huyu baba yake alimwita Kasuku, kwa sababu alianza kuongea kabla hajaota meno na hakuwahi kupumzika. Ilikuwa wiki mbili kabla ya sikukuu. Kijana akasimama mlangoni, akaamkia vizuri, akaulizwa anafanya kazi gani, akasema anauza mitumba.

Angesema anaiba kuku angesamehewa. Kwa Mzee Futi, mitumba ndiyo iliyompokonya wateja wake mmoja mmoja, watu aliowashonea suruali tangu wakiwa shule, leo wanavaa suruali za watu wasiowajua. Kasuku akasema, "Baba, mpime basi." Futi ikabaki shingoni.

"Kitambaa kimeisha," alisema Mzee Futi. "Avae anachouza."

Wote watatu wakatazama rafu. Nusu ya jora ilikuwa imelala pale, nene, haijaguswa. Kasuku, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, alikosa. Alichukua mkoba wake akaondoka na kijana wake, wakaoana hukohuko walikokwenda, na Krismasi sita zikapita bila yeye. Mzee Futi akatoa amri kwamba habari zao zisiingie ndani ya nyumba yake. Mwaka wa kwanza alikuwa na hasira. Kuanzia wa pili alikuwa akijuta, na alijuta kimya, kwa sababu mtu mwenye mdomo mkali huwa hana pa kuanzia anapotaka kusema maneno laini.

Basi mwaka huu, siku tano kabla ya sikukuu, simu yake ikalia, na ujumbe ulikuwa huu: "Shikamoo baba. Krismasi tunakuja, sote. Tutafika saa mbili asubuhi."

Aliusoma amesimama, akausoma tena amekaa. Akashindwa kuingiza uzi kwenye sindano, jambo analolifanya akiwa amefumba macho.

"Wanakuja," alimwambia mkewe.

"Nani?"

"Usijifanye hujui. Kasuku. Anasema sote. Sote ni wangapi?"

"Muulize aliyeandika," mkewe akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Akaandika, "Sote wangapi?" Akaitazama ile sentensi, akaisikia kama Kasuku atakavyoisikia: fundi ameanza tena kuhesabu kitambaa. Akaifuta. Akaandika, "Karibuni," akatuma, kisha akakaa na wasiwasi wake.

Nguo za wengine kumi na mmoja zilikuwa tayari zimeshonwa, mpaka shati lake mwenyewe, kitambaa cha buluu chenye vimaua vidogo vyeupe. Kilichobaki rafuni kilitosha gauni la Kasuku, shati la mumewe, na kingine kidogo. Akakisia kwamba kuna mtoto mmoja, na kwa kuwa moyoni aliona Kasuku mwingine mdogo, akakata kigauni cha mtoto wa miaka minne hivi. Gauni la Kasuku halikumsumbua. Vipimo vyake vilikuwa daftarini, akaongeza kidogo kiunoni, akaacha kitambaa cha ziada ndani ya mishono ili kiweze kufunguliwa.

Shati la mkwe ndilo lililomnyima amani. Mtu huyo hajawahi kuguswa na futi ya nyumba hii. Lakini jicho la fundi halina adabu, linapima hata pale mdomo unapofukuza. Siku ile, huku akisema kitambaa kimeisha, alikuwa ameshaona kwamba kichwa cha kijana kinafika kwenye msumari wa kalenda, kwamba kifua ni kipana, na kwamba bega moja limeshuka kwa kubeba marobota ya mitumba. Bega moja. Lipi?

Hapo akakwama siku nzima. Akilishusha bega lililo sawa, shati litavuta pande zote mbili, na kijana atasema mzee amemkaribisha kutoka mbali ili amcheke. Mwishowe akamwita mkewe.

"Simama hapo mlangoni."

"Nina mboga motoni."

"Simama kidogo tu. Niangalie mimi." Akarudi kwenye kiti chake cha siku ile, akakodoa macho, akajaribu kumwona kijana mahali pa mkewe. Bega lililoshuka lilikuwa la upande wa bawaba. "Bega lako la upande wa bawaba ni lipi?"

"La kushoto. Na mboga imeungua."

"Kushoto," akasema, na bado hakuwa na hakika. "Na kiuno je? Miaka sita imepita."

"Binti yangu anajua kupika. Ongeza."

Siku mbili kabla ya sikukuu, mkewe alimletea chai akakuta nguo tatu zimening'inia kwenye kamba. Akazitazama, akatafuta kwa macho.

"Na ya mwingine?"

"Mwingine nani?"

"Wana watoto wawili. Wa kiume ana miaka minne. Wa kike ndiyo kwanza anasimama kwa kushika meza."

Mzee Futi akaweka kikombe chini. "Kumbe unajua?"

"Tangu siku walipozaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema habari zao zisiingie ndani ya nyumba hii. Nikawa natoka nje kuzipokea."

Kigauni kingeweza kupunguzwa kikamtosha mdogo, lakini kaka yake hakuwa na nguo, na rafu ilikuwa tupu. Safari hii kitambaa kilikuwa kimeisha kweli. Akachukua kipande cha mabaki akakimbilia dukani.

"Mzee, jora hilo uliondoka nalo wewe mwenyewe," muuza vitambaa akamwambia. "Lingine halipo."

Akaenda duka la pili, akaenda la tatu. Huko akapata buluu yenye vimaua, akatoka nayo mpaka barabarani, akaiweka kando ya kipande chake kwenye jua. Ilikaribia, lakini haikuwa yenyewe. Akamwona mtoto huyo kwenye picha ya familia, amevaa kitambaa kinachokaribia, na kila atakayeitazama picha akijua nani amekubaliwa nusu. Akakirudisha kile kitambaa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea kama mtu anayekwenda kupokea matokeo ya hospitali.

Ndipo alipolishusha shati lake mwenyewe kutoka msumarini. Lilikuwa limeshapigwa pasi. Akachukua wembe, akafumua mshono wa ubavu, kola, mikono, mfuko, akatandaza vipande mezani. Ndani ya shati la mtu mzima mna shati la mtoto, ukijua kupanga. Adhuhuri ya mkesha alikuwa amekwishashona kifungo cha mwisho. Mkewe alipita, akaona, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mwanamke yule hilo lilikuwa kubwa.

Asubuhi ya Krismasi nyumba ilijaa buluu. Mtoto wa kwanza alikuja na mkewe na watoto watatu, wa pili na mumewe na wawili wao. Mzee Futi alivaa koti, akalifunga mpaka shingoni, futi juu yake, jasho likamtiririka. Nguo nne zilining'inia kwenye kamba. Saa mbili ikafika. Ikafika saa mbili na nusu. Akatoka barabarani, akarudi, akazinyoosha zile nguo zilizokuwa zimenyooka, akatoka tena. Saa tatu ikafika.

"Baba, ibada ni saa nne," mtoto wa kwanza akasema. "Twende, watatukuta kanisani."

"Tangulieni."

Hakuna aliyeondoka. Mzee Futi akaanza kuamini kwamba hawaji, kwamba wamefika nusu ya njia, binti akakumbuka ile rafu, akamwambia mumewe turudi. Na alijiambia kwamba wakirudi, wana haki.

Saa tatu na robo wakatokea kona ya barabara, kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine anavutwa mkono. Mkwe alibeba begi kubwa. Mzee Futi hakutazama uso wake kwanza, alitazama bega. Begi lilikuwa kushoto.

Nguo zao zilikuwa nzuri, safi, na za mitumba kutoka juu mpaka chini, hilo alilijua kabla hawajavuka barabara. Mkwe akafika mlangoni, akasimama palepale pa siku ile, hakuingia.

"Shikamoo, baba." Siku ile alikuwa amemwita "mzee" tu.

"Marahaba. Pita ndani. Piteni."

Kasuku alimwamkia baba yake kwa sauti ndogo, akanyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye kamba. Aliziona nguo, akazihesabu kwa midomo, nne. Kimya cha Kasuku kilimtisha Mzee Futi kuliko matusi.

"Vaeni basi," akasema kwa ukali, kwa kuwa hakujua kusema vingine. "Tumechelewa."

Gauni likakaa sawa. Watoto wakavalishwa. Mkwe akaingia nyuma ya pazia, akakaa muda, akatoka. Alikuwa ananyanyua bega la kushoto, analishusha, ananyanyua tena. Mzee Futi akashika ncha zote mbili za futi.

"Linavuta?"

"Halivuti," mkwe akasema polepole. "Mashati yote huwa yananivuta hapa. Ni mizigo. Hili halivuti." Akamtazama Mzee Futi. "Ulinipima lini, baba?"

Mzee Futi akatazama sakafu. "Siku ile. Uliposimama hapo mlangoni."

Mkewe akajifanya anafuta kioo cha kabati, ambacho hakikuwa na vumbi. Mtoto wa kwanza, aliyekwisha kuegemeza simu dirishani ijipige picha yenyewe, akawaita wajipange upesi. Wakajipanga.

"Baba, vua koti," akasema Kasuku. Ndilo neno lake la kwanza la maana.

"Nasikia baridi."

"Unatiririka jasho." Akamsogelea, akamfungua vifungo mwenyewe, kama mama anavyomfungulia mtoto. Chini ya koti palikuwa na shati jeupe la zamani, kola imelika. Kasuku akaduwaa. "Lako liko wapi?"

Siku tano zote alikuwa akiogopa bega, kiuno, saa, idadi ya watoto. Kumbe lililokuwa linamngoja ni swali hili, maana jibu lake lilikuwa moja tu, na kwa kinywa chake hakuna jibu baya zaidi. Akatafuta lingine. Hakulipata.

"Kitambaa kimeisha," alisema.

Mkwe akainua kichwa. Kasuku akageuka kutazama rafu, kama alivyogeuka miaka sita nyuma. Palikuwa na ubao mtupu. Akainama kwa mwanawe, akalipindua pindo la shati lake dogo, na hapo kwenye kitambaa akaona mstari wa matundu ya sindano, mahali palipowahi kuwa na mfuko wa shati kubwa. Alikuwa binti wa fundi, hakuhitaji kuelezwa. Alipitisha kidole juu ya matundu yale, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akalia waziwazi mbele ya watu wote.

Picha ilipigwa hivyohivyo, kumi na wanne kwa buluu na mmoja kwa shati jeupe, mkwe amesimama ubavuni mwake. Njiani kuelekea kanisani Kasuku alimshika baba yake mkono, akasema, "Sasa baba, sikiliza," akaanza kuongea. Waliingia ibada imeanza, mhubiri ameshapanda mimbarini, watu wamegeuka kuwatazama, na alikuwa bado hajanyamaza.