Mkono wa Gauni la Kijani

Shemeji yake alimwambia kuwa picha ya mwisho ya binti yake imeungua na ameitupa. Kumbe aliiweka, akaikuza, akaitundika ukutani watu waisifu. Ndivyo alivyodhulumiwa yule fundi cherehani.

Mtoto aliugua siku nyingi. Siku aliyopata nguvu za kukaa, mama alimvika gauni la kijani alilomshonea mwenyewe, mkono mmoja una utepe wa bluu, wa pili hauna kitu, maana utepe ulimwishia njiani. Shemeji, mpiga picha, akampiga picha moja tu. Kisha kwa pupa zake akaifungua kamera kabla filamu haijarudi yote mkebeni, mwanga ukaingia, ukaiunguza.

"Imeungua, shemeji. Hamna kitu humo, nimeitupa," alimwambia, mtoto ameshazikwa. Mama akameza uchungu wake, akarudi kwenye cherehani.

Miaka ikapita. Mdogo wake, mke wa mpiga picha, akamwalika kwenye maonyesho. "Vaa vizuri, dada. Kuna wakubwa."

Ukumbini picha zote zilikuwa rangi tupu: wekundu uliomwagika, manjano iliyochanika, weupe wa kuumiza macho.

"Mimi naona machweo," alisema mgeni mmoja mbele ya picha moja kubwa.

"Wewe na machweo yako! Hilo si jani?" Mwenzake alionyesha kipande cha kijani pembeni, kilichonusurika.

Fundi akasogea. Ulikuwa mkono wa gauni, na utepe wake wa bluu. Kusoma hajui, akauliza chini pameandikwa nini.

"Haina jina," wakamsomea.

Akamwendea shemeji yake palepale katikati ya watu.

"Huyu ni mwanangu."

"Shemeji, hizo ni rangi na mwanga tu. Wewe kila mahali unaona mishono!" Wageni wakacheka.

"Nipe niondoke nayo."

"Imeshapata mwenyewe."

Akamgeukia mdogo wake. "Ulijua?"

"Dada, twende nje. Usinitie aibu."

"Nakuuliza, ulijua?"

Mdogo mtu akamshika mkono, akamvutia mlangoni.

Picha ilikwenda na aliyeinunua. Lakini filamu yenyewe ipo, kwenye kabati la studio, na shemeji anaweza kusafisha picha nyingine kama ile siku yoyote atakayotaka. Hajasafisha. Hiyo anadaiwa yeye. Mdogo mtu anadaiwa jibu.