Suruali Yangu na Mtambo wa Zahanati

Chekeni tu jamani, aibu yenyewe nilishaimeza, maana mpaka leo kijijini Mgori wananiita Fundi Kitenge na nimechoka kubisha.

Nilitumwa zahanati kupima mtambo wa haidrojeni (gesi inaingia huku, umeme unatoka huku, basi) unaoendesha friji la chanjo, kwa sababu ulikuwa unazidi kuchoka na hakuna aliyejua kwa nini. Kupima ni rahisi: unaacha friji peke yake litumie umeme, unatazama mstari wa umeme kwenye kompyuta, ukitulia, mtambo mzima, ukirukaruka, una ugonjwa. Ila bodaboda ilinifikisha nimejaa vumbi jekundu, na mwenyekiti wa kijiji anakuja, sasa nitampaje mzee shikamoo na suruali ile? Nikaifua, nikajifunga kitenge cha nesi, Mama Neema, koti la kazi juu, nikachomeka pasi niliyoikuta chumba cha nyuma niikaushe suruali, nikarudi kwenye kompyuta kusubiri ipate moto.

Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Nikashtuka, pasi nimeshaisahau kabisa, nikatoka na kitenge changu mbele ya kina mama waliosubiri chanjo na mwenyekiti aliyeshafika, nikatangaza, "Mtambo unakufa! Leo hakuna chanjo, zinarudi mjini!" Kina mama waliotembea tangu alfajiri wakabeba watoto mgongoni, wakaondoka wakinung'unika.

Ndipo Mama Neema akatokea mlangoni. "Fundi, hii pasi uliyochomeka inajiwasha na kujizima, nimeichomoa."

Nikatazama kompyuta. Mstari umetulia tuli.

Mungu wangu, nilikimbia! Nikawafuata kina mama kwenye njia ya mashamba ya alizeti, kitenge nimekishika kwa mkono mmoja, napiga kelele, "Rudini! Mtambo mzima, ni pasi!" Bibi mmoja aliyebeba mjukuu akasimama, akanitazama chini mpaka juu.

"Pole mwanangu, tunarudi," akasema taratibu. "Lakini tangulia ukavae."

Watoto wakachanjwa wote. Jioni Mama Neema akanijia, macho chini: "Fundi, mimi nanyoosha sare yangu kwa pasi hiyo kila asubuhi." Masikini, kumbe ndicho kilichokuwa kinauchosha mtambo, ule mzigo wa kupanda na kushuka! Tukacheka mpaka machozi.

Siku hizi yeye anatumia pasi ya mkaa. Mimi nimeapa, pasi na mtambo tena, hapana, naenda kazini na mikunjo yangu hivyo hivyo, na mwenyekiti nikimpa shikamoo ananiitikia marahaba ileile.