Nisomee Mstari kwa Mstari

Nilienda hospitali kufanyiwa operesheni ndogo ya ngiri, nikarudi nyumbani na ugonjwa wa moyo. Ndivyo watu wa kwetu Butere walivyoelewa. Kabla ya operesheni nilibandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi ya vilima vilima. Mhudumu aliyeitazama alikunja uso.

"Mama, moyo wako hauko sawa. Operesheni ingoje. Nenda upumzike."

Nilipomwuliza hauko sawa vipi, alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Basi nikapumzishwa. Kaka yangu alilifungia jembe langu stoo. Mkewe akanikataza kusonga obusuma, ugali wetu. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea kwa sauti za chini, kama watu waliokuja matangani. Siku ya nne nikasema imetosha. Niliichukua ile karatasi nikaenda Kakamega kwa daktari wa moyo.

"Sikuja kupewa pole," nilimwambia. "Nisomee."

Alivuta kiti karibu. Kwa ncha ya kalamu akanionyesha kwamba kila kilima kirefu ni pigo moja, na nafasi kati yao hutakiwa kulingana. Akasimama penye kilima kipana kilichojitokeza mapema.

"Pigo hili limeruka foleni. Lakini karatasi hii ni sekunde chache tu za maisha yako. Inatuambia tuulize. Haijatujibu."

Sekunde chache, na mimi nilikuwa nimenyang'anywa jembe siku nne.

Alinitoa damu. Akanipaka mafuta baridi kifuani, akapiga picha ya moyo ukiwa unacheza. Mwisho akanifunga kimashine cha kuvaa mchana kutwa na usiku kucha. "Fanya kazi zako za kawaida," akasema, "na uandike saa na unachofanya."

"Hata kupalilia miwa?"

"Kama ndiyo kawaida yako, palilia."

Kaka alisimama mlangoni pa stoo. "Dada, ukianguka shambani nitawaambia watu nini?"

"Waambie nilianguka nikipalilia. Fungua."

Alifungua. Kisha akachukua jembe lake, akapalilia mstari wa pili asubuhi nzima, akinitazama zaidi ya alivyotazama magugu. Niliandika: saa tatu, napalilia. Saa sita, nagombana na kaka.

Majibu yalipotoka, yale mapigo ya kuruka foleni yalikuwa mengi nilipokaa, na nilipolima yalikaribia kuisha; daktari akasema hiyo ni dalili njema. Misuli ya moyo ilikuwa na nguvu, damu haikuwa na kasoro. Presha ndiyo ilikuwa juu, na hapo sikuwa na la kubisha. Nameza kidonge kila asubuhi, na chumvi nimepunguza.

"Ukizimia au kifua kikibana," daktari alinionya, "usibishane na mtu. Njoo papo hapo."

Nilifanyiwa operesheni ya ngiri mwezi uliofuata. Moyo bado huruka mara moja moja, hasa nikiwa nimekaa kanisani. Kila niendapo kliniki huomba nisomewe karatasi mpya mpaka nielewe, hata foleni ikiwa imefika getini.